Kama si hapa ni pale: mwongozo wa kufumbua sudoku ngumu kabisa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mchezaji wa sudoku ambaye mafumbo mepesi na ya wastani hayamsumbui tena, lakini akifika kurasa za mwisho za kitabu, zile zenye alama ya ugumu wa juu kabisa, hujaza visanduku vitano au sita kisha hukaa akiitazama karatasi bila kujua pa kuendelea. Hapa Mbeya nawafahamu wachezaji kadhaa wa namna hiyo. Wapo wanaocheza jioni za Juni na Julai, wakati baridi inapowafungia watu ndani mapema, na wapo wanaobeba kitabu cha mafumbo kwenye basi la kwenda Dar es Salaam, ambako saa za kukaa ni nyingi na kazi ya mikono hakuna. Swali lao wakikwama huwa ni lile lile: je, sasa nikisie?

Usikisie. Fumbo lililotungwa vizuri lina jibu moja tu, na jibu hilo hufikiwa kwa kufuta kitu kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa sababu inayoweza kutamkwa. Mbinu zinazoitwa za juu zina majina mengi, na wingi huo huwatisha watu bure, kwa kuwa karibu zote zimejengwa juu ya kauli moja: kama si hapa, ni pale. Anayeijua kauli hiyo na kuitafuta kwa mpangilio hahitaji kukariri orodha ndefu.

Jambo moja la kuondoa kichwani kabla ya kuanza ni dhana kwamba fumbo lenye tarakimu chache ndilo gumu zaidi. Mwaka 2012 timu ya mwanahisabati Gary McGuire wa Dublin ilithibitisha kwa kompyuta kwamba fumbo haliwezi kuwa na jibu moja tu likianza na tarakimu pungufu ya 17, lakini mafumbo mengi ya tarakimu 17 hufumbuliwa na mchezaji wa kawaida bila mbinu yoyote ngumu. Fumbo la Mfini Arto Inkala lililotangazwa mwaka huo huo, ambalo magazeti yalilipamba kuwa gumu kuliko yote, lina tarakimu 21. Ugumu unatokana na aina ya hoja unayolazimika kuijenga ili upige hatua, na ndiyo maana mchezaji hujiandaa kwa kujifunza hoja.

Tukubaliane kwanza juu ya lugha. Safu ya mlalo ya kwanza ni ya juu kabisa, na safu ya wima ya kwanza ni ya kushoto kabisa. Kisanduku kilichopo kwenye mlalo wa 4 na wima wa 7 nitakiandika M4W7. Maboksi tisa ya tatu kwa tatu yanahesabiwa kwa mpangilio wa kusoma, kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini, kwa hiyo boksi la 5 ndilo la katikati. Mlalo, wima au boksi, lolote kati ya hayo, nitaliita eneo. Tarakimu ambayo bado inaweza kuingia katika kisanduku ni mgombea wa kisanduku hicho. Visanduku viwili vinaonana ikiwa vimo katika eneo moja, maana haviwezi kubeba tarakimu ile ile.

Hatua ya kwanza: karatasi na wagombea

Gridi ya gazetini ni ndogo mno kwa kazi hii. Ipeleke steshenari, uombe kopi iliyokuzwa, fumbo moja kwa kila karatasi ya A4, na utoe kopi tatu kwa pamoja, kwa sababu mbili za mwisho utazihitaji tukifika hatua ya mwisho. Anayekosa mashine ya kopi achore gridi kwa rula kwenye daftari la hesabu, kila kisanduku kikiwa na upana wa kutosha kuandika tarakimu tisa ndogo.

Jaza kwanza kila kinachopatikana kwa macho, kisha ndipo uandike wagombea wa kila kisanduku kilichobaki. Kila mgombea awe na mahali pake pa kudumu ndani ya kisanduku, kama vitufe vya simu vilivyopangwa: 1, 2 na 3 juu, 4, 5 na 6 katikati, 7, 8 na 9 chini. Ukizoea mpangilio huo, jicho litaanza kuona maumbo bila kusoma tarakimu moja moja. Ukimaliza kuandika, rudia ukaguzi kwa tarakimu: chukua 1 peke yake, pita maboksi yote tisa, kisha 2, hadi 9. Ukaguzi huu unachosha na hauna raha yoyote, lakini mgombea mmoja aliyesahauliwa anatosha kuharibu kila kitakachofuata, na mara nyingi uharibifu huo hujitokeza ukiwa umebakiza visanduku kumi tu.

Mgombea aliyeondolewa umkate kwa mstari mwembamba wa penseli badala ya kumfuta kwa raba, ili uweze kurudi nyuma na kuona ulipita wapi. Kwa wanaotumia programu ya simu, izimeni sehemu inayotia rangi nyekundu pale tarakimu isiyo sahihi inapoingizwa. Msaada huo unamzoesha mtu kujaribu-jaribu, na anayejaribu-jaribu hajifunzi kujenga hoja.

Hatua ya pili: kusafisha kwa jozi

Mbinu za juu hazifanyi kazi kwenye gridi chafu, kwa hiyo jozi (visanduku viwili vya eneo moja vinavyogawana tarakimu mbili zile zile tu) na vikundi vya tatu (visanduku vitatu vinavyogawana tarakimu tatu tu) lazima vimalizwe kwanza. Nadhani msomaji anazifahamu, ila nitaonyesha mlalo mmoja kwa karibu, kwa sababu watu wengi huishia kwenye tunda la kwanza na kuyaacha mengine juani.

Tuseme mlalo wa 4 tayari una 6 katika W1, 9 katika W4 na 4 katika W7. Visanduku sita vilivyobaki vina wagombea hawa: W2 ina 2 na 5, W3 ina 2, 5 na 8, W5 ina 2 na 5, W6 ina 1, 3 na 8, W8 ina 1, 3 na 7, W9 ina 1, 3, 7 na 8. W2 na W5 zimejifungia tarakimu 2 na 5, kwa hiyo 2 na 5 zinaondoka W3, na W3 inabaki kuwa 8. Hapo wengi hushangilia na kuhamia kwingine. Lakini 8 hiyo inaiondoa 8 katika W6 na W9, na zaidi ya hapo, tarakimu 7 katika mlalo huu ina nafasi mbili tu, W8 na W9, zote zikiwa ndani ya boksi la 6. Kwa kuwa 7 ya mlalo wa 4 lazima ikae katika boksi hilo, hakuna kisanduku kingine cha boksi la 6, katika mlalo wa 5 wala wa 6, kinachoweza kuwa 7. Mlalo mmoja umetoa jibu moja na umesafisha hadi nje ya mipaka yake. Fanya hivyo kwa maeneo yote 27, na uanze upya kila unapopata tarakimu mpya.

Hatua ya tatu: kujifunza kuona viungo

Hapa ndipo penye moyo wa mwongozo huu. Kuna viungo vya aina mbili, na tofauti yake ni lazima iwe wazi kabisa.

Kiungo cha lazima ni pale ambapo tarakimu ina nafasi mbili tu katika eneo, au kisanduku kina wagombea wawili tu. Mmoja asipokuwa kweli, wa pili ni kweli. Kiungo cha katazo ni pale ambapo wagombea wawili hawawezi kuwa kweli kwa pamoja, kwa mfano 7 mbili zinazoonana. Mmoja akiwa kweli, wa pili si kweli, lakini huenda wote wawili wakawa si kweli. Kila kiungo cha lazima kati ya nafasi mbili za tarakimu moja katika eneo moja kinaweza pia kutumika kama katazo, kwa sababu eneo haliwezi kubeba tarakimu mara mbili. Kinyume chake hakiruhusiwi. Mtu anayechukua katazo na kulitumia kama lazima atafuta mgombea wa haki.

Mwalimu mmoja mstaafu wa hisabati ninayecheza naye hapa Mbeya ana utaratibu ambao nimeuona ukifanya kazi kuliko kitabu chochote. Kijana akikata mgombea mbele yake, mwalimu humwuliza, "Sababu yake ni ipi, mwanangu?" Kijana akijibu, "Mwalimu, saba kwenye wima wa nne imebaki sehemu mbili tu, na zote zinakikataza kisanduku hiki," wanaendelea. Asipoweza kujibu kwa sentensi moja, mgombea anarudishwa. Ukicheza peke yako, iandike sentensi hiyo pembeni mwa karatasi. Inachukua muda, ndiyo, na kwenye fumbo gumu muda huo unalipwa.

Ili kuvipata viungo vya lazima, usiitazame gridi nzima kwa pamoja. Chora pembeni gridi tupu ndogo, chagua tarakimu moja, na weka nukta kila mahali ambapo tarakimu hiyo bado ni mgombea. Kisha unganisha kwa mstari nukta mbili zilizo peke yake katika mlalo, wima au boksi. Ramani hiyo ya tarakimu moja itakuonyesha kwa dakika chache kile ambacho gridi iliyojaa ingekuficha jioni nzima. Anza na tarakimu ambazo zimeshajazwa mara nne au tano; zilizojazwa mara saba huwa hazina mengi ya kusema, na zisizojazwa kabisa zina nukta nyingi mno.

Hatua ya nne: tarakimu moja, viungo viwili

Umbo la kwanza ni mstatili. Tuseme 5 katika mlalo wa 2 ina nafasi mbili tu, W3 na W8, na katika mlalo wa 7 pia ina nafasi mbili tu, W3 na W8 zile zile. Ikiwa 5 ya mlalo wa 2 iko W3, basi ya mlalo wa 7 iko W8. Ikiwa ya mlalo wa 2 iko W8, ya mlalo wa 7 iko W3. Kwa vyovyote vile, wima wa 3 na wima wa 8 zimeshapata 5 zao ndani ya milalo hiyo miwili, na kila 5 nyingine katika safu hizo mbili za wima inafutwa. Umbo hilo hilo linafanya kazi ukigeuza mlalo kuwa wima.

Mstatili unaweza kukua na kuchukua milalo mitatu na safu tatu za wima. Tarakimu 4 ikiwa katika mlalo wa 1 ina W2 na W6 tu, katika mlalo wa 5 ina W6 na W9 tu, na katika mlalo wa 8 ina W2 na W9 tu, basi 4 tatu za milalo hiyo zinazijaza W2, W6 na W9, na 4 nyingine zote katika safu hizo tatu za wima zinaondoka. Si lazima kila mlalo uwe na nafasi zote tatu. Kinachotakiwa ni kwamba nafasi zote za milalo hiyo mitatu, zikijumlishwa, zisizidi safu tatu za wima. Lipo pia la milalo minne, lakini hutokea kwa nadra na sioni sababu ya kulitafuta kabla ya kumaliza yanayofuata.

Umbo ninalolipenda zaidi, na ambalo nadhani linadharauliwa isivyo haki, ni la minara miwili. Hapa viungo viwili vya lazima vimesimama wima, vikigusana chini lakini si juu. Chukua 7. Katika wima wa 4, 7 ina nafasi mbili tu: M8W4 na M1W4. Katika wima wa 8, 7 ina nafasi mbili tu: M8W8 na M3W8. Vitako vya minara yote miwili viko katika mlalo wa 8, kwa hiyo haviwezi kuwa 7 vyote viwili. Angalau kimoja si 7, na mnara ambao kitako chake si 7 una 7 kileleni. Hatujui ni mnara upi, lakini tunajua kwamba M1W4 au M3W8, angalau kimojawapo, ni 7. Sasa tafuta visanduku vinavyoonana na vilele vyote viwili. M1W7 na M1W9 vinaonana na M1W4 kwa mlalo, na vinaonana na M3W8 kwa boksi la 3. M3W5 na M3W6 vinaonana na M3W8 kwa mlalo, na vinaonana na M1W4 kwa boksi la 2. Visanduku hivyo vinne vyote vinapoteza 7. Tazama kwamba hatukuhitaji mlalo wa 8 uwe na nafasi mbili tu. Unaweza kuwa na 7 nyingine nyingi, kwani kitakoni tunatumia katazo tu.

Tiara ni ndugu wa minara. Kiungo kimoja ni cha mlalo, kingine ni cha wima, na vinagusana ndani ya boksi. Kwa mfano, 9 katika mlalo wa 5 iko M5W4 na M5W9 tu, na katika wima wa 6 iko M4W6 na M9W6 tu. M5W4 na M4W6 ziko pamoja katika boksi la 5, hivyo haziwezi kuwa 9 zote mbili. Kwa hiyo M5W9 au M9W6 ni 9, na kisanduku kinachoonana na vyote viwili, M9W9, hakiwezi kuwa 9. Tiara hufuta mgombea mmoja tu, na mara nyingi mmoja huyo ndiye aliyekuwa ameziba njia.

Hatua ya tano: rangi mbili

Viungo vya lazima vya tarakimu moja vikiungana vitatu, vinne au zaidi, chukua kalamu ya buluu na nyekundu. Nukta ya kwanza itie buluu, ya pili nyekundu, ya tatu buluu, ukibadilisha kila unapovuka kiungo. Rangi moja nzima ni kweli na nyingine nzima si kweli. Hakuna hali ya tatu.

Chukua 3. Wima wa 2 una nafasi mbili, M8W2 na M2W2. Mlalo wa 2 una nafasi mbili, M2W2 na M2W9. Boksi la 3 lina nafasi mbili, M2W9 na M3W7. Tukianza na buluu kwenye M8W2, M2W2 inakuwa nyekundu, M2W9 buluu, na M3W7 nyekundu. Tazama sasa M8W7, ambayo haina rangi. Inaonana na M8W2 ya buluu kwa mlalo, na inaonana na M3W7 nyekundu kwa wima. Buluu ikiwa kweli, M8W7 si 3. Nyekundu ikiwa kweli, M8W7 si 3. Inafutwa bila kujua rangi ipi ndiyo ya kweli.

Kanuni ya pili ya rangi ni kali zaidi: nukta mbili za rangi moja zikikutana katika eneo moja, rangi hiyo yote si kweli, na nyingine yote inajazwa papo hapo. Fumbo lililokuwa limeganda huweza kuyeyuka kwa hoja hiyo moja.

Hatua ya sita: visanduku vya wagombea wawili

Tarakimu moja moja zikishindwa kusogeza kazi, geukia visanduku vyenye wagombea wawili. Vizungushie duara vyote. Vikiwa vichache sana, chini ya sita hivi, rudi hatua ya nne ukatafute zaidi, kwa kuwa mbinu hii hula visanduku vya aina hiyo.

Mabawa yanahitaji visanduku vitatu. M2W2 ndiyo shina, ina 1 na 6. Bawa moja ni M2W7, lenye 1 na 8. Bawa la pili ni M3W1, lenye 6 na 8. Shina likiwa 1, bawa la kwanza linakuwa 8. Shina likiwa 6, bawa la pili linakuwa 8. Kwa hiyo moja ya mabawa ni 8, na kila kisanduku kinachoyaona mabawa yote mawili kinapoteza 8. Katika mfano huu ni visanduku vitano: M2W1 na M2W3 vinavyoliona bawa la kwanza kwa mlalo na la pili kwa boksi la 1, pamoja na M3W7, M3W8 na M3W9 vinavyoliona bawa la pili kwa mlalo na la kwanza kwa boksi la 3. Shina lenyewe likiwa na 1, 6 na 8, hoja bado inasimama, ila shina nalo linaweza kuwa 8, kwa hiyo kisanduku kinachofutwa lazima kiwaone wote watatu, na vinabaki viwili tu, M2W1 na M2W3.

Mnyororo ni mabawa yaliyorefushwa, na mimi nashauri kila mchezaji aufanye uwe silaha yake kuu. Anza M1W1 yenye 4 na 6. Nenda M1W8 yenye 6 na 2, kisha M7W8 yenye 2 na 9, kisha M7W3 yenye 9 na 4. Kila kisanduku kinaonana na kinachofuata, na kila hatua inabeba tarakimu moja kwenda mbele. Sasa sema kwa sauti: kama M1W1 si 4, ni 6, basi M1W8 si 6, ni 2, basi M7W8 si 2, ni 9, basi M7W3 si 9, ni 4. Umethibitisha kwamba M1W1 au M7W3 ni 4, na hukukisia lolote. Visanduku vinavyoonana na ncha zote mbili ni M1W3, M2W3 na M3W3 upande wa juu, na M7W1, M8W1 na M9W1 upande wa chini. Vyote sita vinapoteza 4.

Ukiuzoea mnyororo huu, uchanganye na viungo vya lazima vya hatua ya nne. Hakuna sheria inayosema ubaki kwenye visanduku vya wagombea wawili. Unaweza kuingia kisandukuni kwa 2 na kutoka kwa 9, kisha ukaruka kutoka 9 hiyo kwenda 9 nyingine katika wima wenye nafasi mbili tu. Masharti ni mawili: viungo vipishane, lazima, katazo, lazima, katazo, na mnyororo uanze kwa lazima na uishe kwa lazima. Ncha zake mbili zikiwa za tarakimu moja, kila kinachoziona zote mbili hakiwezi kubeba tarakimu hiyo. Kwa kipimo hiki, mstatili, minara, tiara na mabawa vyote ni minyororo mifupi, na aliyefika hapa anaweza kuyasahau majina yao bila hasara.

Hatua ya saba: kulitumia jibu moja

Hoja hii ni ya aina nyingine, na baadhi ya wachezaji hawaipendi kwa sababu inategemea ahadi ya mtunzi kwamba jibu ni moja tu. Mimi naikubali kwa mafumbo ya kitabu au gazeti linaloaminika, na naiacha kwa mafumbo yaliyonakiliwa kwa mkono, ambako tarakimu moja ikikosewa ahadi imevunjika.

Tafuta visanduku vinne vinavyofanya pembe za mstatili, katika milalo miwili, safu mbili za wima na maboksi mawili kamili, yasiwe manne. M4W2, M4W3 na M8W2 vina 3 na 8 tu, na M8W3 ina 3, 5 na 8. Kama M8W3 ingekuwa 3 au 8, tarakimu hizo mbili zingeweza kubadilishana nafasi katika pembe zote nne bila kuvuruga mlalo, wima wala boksi, na fumbo lingekuwa na majibu mawili. Kwa hiyo M8W3 ni 5. Hakikisha hakuna hata pembe moja iliyokuwa imetolewa na mtunzi tangu mwanzo.

Karibu na mwisho hutokea pia kwamba kila kisanduku kina wagombea wawili isipokuwa kimoja chenye watatu. Kati ya hao watatu, yule anayejitokeza mara tatu katika mlalo wa kisanduku hicho, mara tatu katika wima wake na mara tatu katika boksi lake ndiye jibu.

Hatua ya nane: pande mbili za kisanduku kimoja

Mafumbo ya kiwango cha lile la Inkala hayafunguki kwa mstatili wala kwa mabawa. Hapo ndipo zile kopi mbili zinapohitajika. Nakili hali ya gridi yako ilivyo sasa kwenye kopi zote mbili. Chagua kisanduku chenye wagombea wawili, tuseme 2 na 6, au tarakimu yenye nafasi mbili tu katika eneo. Kichague kwa makini: kinachofaa ni kile ambacho pande zake zote mbili zinazaa matokeo ya haraka, yaani kilichozungukwa na visanduku vingine vya wagombea wawili. Kwenye kopi ya kwanza ijaze 2 na ufuate kila kinacholazimika kutokea. Kwenye ya pili ijaze 6 na ufanye vivyo hivyo.

Wapo wanaosema huku ni kukisia. Sikubaliani nao. Anayekisia huchagua upande mmoja na kuombea uwe sahihi. Wewe unapita pande zote mbili na unachukua tu kile kilichothibitishwa na zote. Kopi moja ikigonga mwamba, kwa mfano ikadai 5 mbili katika boksi moja au ikaacha kisanduku bila mgombea hata mmoja, upande mwingine ni kweli na unaurudisha kwenye karatasi kuu. Zote mbili zikiendelea bila mgongano, ziweke sambamba na uzilinganishe kisanduku kwa kisanduku: ikiwa M6W3 imekuwa 8 kwenye zote mbili, M6W3 ni 8, na mgombea aliyefutwa kwenye zote mbili anafutwa kweli. Mara nyingi hicho kidogo kinatosha kurudi hatua ya pili na kuanza kusafisha upya. Kopi zote mbili zikisimama bila kukubaliana lolote, zitupe, uchague kisanduku kingine.

Inatokea pia kwamba pande zote mbili zinagonga mwamba. Fumbo la jibu moja haliruhusu jambo hilo, kwa hiyo kosa liko nyuma, kabla ya kopi. Rudi kwenye sentensi ulizoandika pembeni mwa karatasi na uzisome kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza, ukiiuliza kila moja kama ilitumia lazima mahali palipokuwa na katazo tu. Sentensi ikishindwa kujibu, mgombea uliyemkata kwa ajili yake rudisha, pamoja na wote waliokatwa baada yake.